Ubingwa wa Tatu wa Firq

Nizwa, Oman, 4 Februari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Ijumaa tunacheza fainali ya kriketi na timu ya Sur. Unajua historia yetu wanawake wa klabu ya Firq: tulikuwa mabingwa 2017 na 2018, kisha fainali tatu zote Sur wametufunga. Mwaka huu tunawaweza wallahi, maana tuna Saliha, yule Mtanga anayefanya kazi za nyumbani hapa Nizwa. Hapana anayerusha mpira kama yeye.

Sasa mwajiri wake, Bi Samah, ana harusi Maskati siku hiyohiyo. Saliha lazima abaki na mama mkwe wake Samah, Bi Badriya, ambaye hawezi kukaa peke yake. Saliha amelia mpaka macho yamevimba.

Mjukuu wako,
Ibtihal

Ibra, 7 Februari 2024

Ibtihal,

Marahaba mwanangu. Miguu inauma, lakini inanifikisha.

Nimempigia Samah mwenyewe. Nikamwambia, "Mie Khole, bibi yake Ibtihal, nahodha wa Firq. Ijumaa nakuja kukaa na mkweo, Saliha akacheze."

Akacheka. "Bibi, una miaka sabini na minane! Nani atamtazama mwenziwe?"

"Tutatazamana," nikamjibu. "Nimelea wanane, mwanangu. Mmoja ataniweza?"

Mwisho akasema tafadhal, karibu. Mjomba wako Muatasim atanileta na kunirejesha. Mwambie Saliha apumzishe mkono wake.

Bibi yako,
Khole

Nizwa, 10 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo. Umefika salama? Jana ulikwishaondoka nilipopita kukuaga, basi nakuhadithia.

Sur walibakiwa na mpigaji mmoja, wanataka mikimbio minne tu washinde. Nikampa Saliha mpira, nikamwambia, "Yalla, dada." Akaufuta vumbi kwenye suruali, akaniambia, "Kapteni, rudi nyuma kidogo, unanizibia." Basi! Akakimbia, akarusha, vijiti vyote vitatu chini, mpigaji wao wa mwisho nje. Bibi, nilipiga ukelele mpaka sauti ikanikauka.

Mabingwa mara ya tatu!

Jambo moja limenikaa rohoni. Picha ya ubingwa imepigwa Saliha hayumo. Alikimbilia nyumbani kabla hata kombe halijatolewa, kwa kuchelea Samah, aliyempa ruhusa ya mchezo tu, atarudi asimkute. Mkuu wa klabu anataka kuitundika hivyohivyo pamoja na zile mbili za zamani.

Mjukuu wako,
Ibtihal

Ibra, 11 Februari 2024

Ibtihal mwanangu,

Marahaba, na mabruk kwenu nyote. Nimefika salama.

Picha hiyo msiitundike. Klabu gani inaandika historia yake bila aliyeshinda?

Mie na Badriya tulikaa vizuri mno. Kiswahili chake cha Mkunazini hasa, kule Unguja, na alikuwa hana wa rika lake wa kuteta naye. Saliha alipoingia anahema, kwanza Badriya alimuuliza, "Mmeshinda?" Aliposikia ndiyo, akapiga vigelegele, na meno yake ya bandia yako mezani.

Samah alirudi akatukuta tunacheka. Nikaona hapa ndipo. Nikamwambia, "Ijumaa zote nitakuja mie. Ijumaa iwe ya Saliha." Kabla hajajibu, mkwewe akamwambia, "Khalas, Samah, nimeshakubali."

Basi Ijumaa hii njooni timu nzima kwa Badriya, na kombe, na mpiga picha. Biriani analisimamia mwenyewe. Saliha akae katikati, alishike kombe kwa mikono miwili. Na huyo mkuu wenu mwambie aje pia, nataka kumsikia akilitamka jina la Saliha.

Bibi yako,
Khole