Kompyuta Haichenjuliwi

Mdogo wangu Masanja,

Ni aibu kwa mtu aliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka yote ile kushindwa kukuandikia wewe hata mstari mmoja tangu tulipokuzika. Kwa hilo unisamehe. Mwanzoni nilinyamaza kwa uchungu. Siku hizi nimenyamaza kwa hasira, na niliyemkasirikia ni wewe.

Unayakumbuka maneno yako pale hospitalini Kolandoto. Mikono yako ilitetemeka hata ikabidi nikushikie kikombe cha uji, nawe ukasema, "Kaka, zebaki imenimaliza. Mtoe Kabula huku kwenye mashimo. Asome." Nilikubali. Ukasema "wabeja", kama tulivyokuwa tukimshukuru mama tulipokuwa wadogo, nami nikatoka nje ili usinione nikilia.

Nilimpeleka binti yako chuo cha ufundi kule Kahama, akasomee elektroniki za kompyuta. Nilichagua fani hiyo kwa sababu sikuona njia yoyote ambayo dhahabu ingeweza kumfuata humo. Akapanga chumba Nyasubi. Kila likizo alinieleza mambo nisiyoyaelewa, lakini kwa sentensi zilizokamilika, nikafurahi. Aliitengeneza redio yangu iliyokuwa ikikoroma tangu enzi za uhai wako. Majirani hapa Ngokolo wakaanza kumwita "fundi", naye akawa anaitika bila haya.

Likizo iliyopita nilimuuliza anafanya nini siku za Jumamosi. Akajibu, "Ninachenjua kompyuta, Baba Mkubwa." Nikamsahihisha papo hapo: kinachochenjuliwa ni mchanga wa dhahabu, kompyuta hutengenezwa. Akacheka. "Ndiyo, Mwalimu."

Masanja, neno lilikuwa sahihi.

Mkuu wa chuo aliniita. Mashine mbovu za karakana, zile ambazo wanafunzi huzifungua ili wajifunze, zilikuwa zimebaki makasha matupu. Mama mwenye nyumba wa Nyasubi naye alikuwa na lake: "Mzee, huyu mwanafunzi wako anapika nini kisicholiwa? Moshi wake umenifukuzia hata kuku." Kabula alikuwa akizibeba bodi za mashine hizo, akizichoma ndani ya debe, akizitwanga, akiziosha kwenye karai, kisha akiinasa ile dhahabu kidogo ya ndani yake kwa zebaki. Kwa zebaki, Masanja. Akiichoma juu ya jiko lile lile analopikia ugali.

Nilidhani atakana. Hakukana. "Ni bodi zilizokufa tu, Baba Mkubwa. Nzima sijagusa." Nikamwambia kwamba bodi iliyokufa ndiyo kitabu cha mwanafunzi, na kwamba amewachomea wenzake vitabu. Hapo aliinamisha kichwa. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha, nikitarajia jina la kijana fulani wa machimbo ya Geita.

"Ni baba," alisema. "Alinionyesha kwa simu mbovu kabla hajalazwa. Akasema kompyuta zina zaidi. Akasema nisikwambie, maana wewe husahihisha kwanza ndipo usikie."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Haina kosa. Si utani wako ulioniumiza. Umenitania tangu utotoni. Kinachoniuma ni kwamba ulinishika mkono ukiniomba nimtoe mtoto shimoni, ilhali ulikwisha kumwekea shimo mkobani. Ulijua zebaki ilikufanya nini. Ulitaka nini, Masanja? Kama ulihofia kwamba nitashindwa kumlea, ungeniambia. Ningekasirika, kisha ningekuelewa. Sasa nimebaki kukasirika peke yangu, na wa kunijibu hayupo.

Mkuu wa chuo hapendi kumfukuza. Anasema ni mara chache amepata mwanafunzi mwenye mikono mepesi kama ile. Nikiahidi mbele ya walimu kwamba Kabula hatagusa tena zebaki, watampokea. Lakini mimi sijazoea kuahidi jambo nisilo na hakika nalo, na nilimwambia Kabula hivyo. Akanijibu kwa upole, "Usipoahidi, Baba Mkubwa, nitakwenda Geita. Huko hakuna anayedai ahadi." Sijui kama lilikuwa tisho au taarifa tu. Sauti ilikuwa yako.

Leo asubuhi amefua bwelasuti yake ya chuo bila kuambiwa, akaianika hapa uani kwangu. Imekwisha kukauka. Sijamwambia aipige pasi, wala sijamwambia aikunje aiweke sandukuni. Anapita mbele yangu na ndoo ya maji, ananiamkia kwa mara ya pili, kana kwamba shikamoo ya kwanza haikufika. Nimeiitikia.

Pumzika, mdogo wangu, ingawa sijakusamehe. Nikishaamua nitakuandikia, tena upesi, iwe amerudi chuoni au amepanda basi la Geita. Ni mwanao, una haki ya kujua tulichomfanyia, mimi na wewe.

Kaka yako