Koti Lililonukia Mikaratusi

Stechford,
Birmingham.
14 Machi 2006

Mpendwa mwanangu Idil,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Brisbane, na joto limepungua? Kifua cha mwanao Zakariye je, kimetulia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi imekataa kuondoka na magoti yangu yanalalamika kila asubuhi.

Barua yako na picha ya koala, yule mnyama wa mitini unayemlisha, vilifika salama. Picha nimeibandika kwenye friji. Wajukuu wanaigombania kwa Kiingereza, nami nawaamua kwa Kiswahili.

Nimechelewa kukushukuru kwa kuwa nilitaka kwanza nione kama nitaweza.

Eda yangu ilipoisha mwezi uliopita, binti yangu Muslimo alikuja na mifuko mikubwa ili nguo za mjomba wako Abdow zitolewe sadaka siku hiyo hiyo, kama tulivyozoea kwetu. Nilipofungua kabati nikakutana na harufu ya yale mafuta ya mikaratusi aliyokuwa akijipaka kifuani kila majira ya baridi. Bila shaka unayakumbuka. Koti lake la kazini lilikuwa limeyanywa miaka mingi. Nilikaa chini pale pale, pumzi ikakwama. Muslimo akarudi kwake na mifuko mitupu. Tangu siku hiyo nikawa nalala kwenye kochi, na chakula hakipiti. Niliogopa kwamba nguo zitakaa humo mpaka nami nimfuate mwenyewe.

Ndipo barua yako ikaja. Wewe ulikuwa unanisimulia tu kazi yako ya kulisha wanyama. Ulisema majani ya mkaratusi yana mafuta yenye sumu, na koala anaishi kwa majani hayo hayo. Kwamba hunusa jani kabla ya kulitafuna, akaliacha lililo kali. Kwamba ini lake huivunja ile sumu ikatoka mwilini. Na akihisi imemtosha huacha kula, hata kama majani bado yapo mbele yake. Na yule mnyama mwingine wa usiku, mwenye mkia mrefu, alaye majani hayo hayo, hubadilisha miti, kidogo huku, kidogo kule, ili sumu ya aina moja isimzidi. Hata mtoto wa koala haanzi majani mpaka mama yake amlishe kwanza uji laini utokao tumboni mwake, ndio unaomwezesha kuyasaga. Hapo nilicheka, Idil, mara ya kwanza tangu mazishi, maana mjomba wako angeuliza kama uji huo umetiwa sukari.

Nilimsomea barua yako Madhu, yule mama wa Kisumu mwenye duka mtaa wa Acocks Green, aliyekuwa akimuuzia marehemu yale mafuta.

"Si umesikia, Mama Muslimo?" akasema. "Hata huyo mwenye ini la chuma hamalizi mti! Wewe ni nani umalize kabati siku moja? Nusa, toa moja, funga, halafu kuja kwangu tukule chapati."

Nikafanya hivyo. Siku ya kwanza nilitoa soksi tu.

"Soksi!" Madhu akanicheka. "Koala amekushinda."

Siku nyingine nilitoa kanzu, siku nyingine sikufungua kabisa. Kabati liliponielemea nilihamia kwenye droo ya kofia na mikanda, ambayo hainuki chochote. Chakula kikaanza kupita. Nikarudi kulala kitandani kwangu. Koti nililiacha la mwisho.

Wiki iliyopita nilimpa Njoroge, aliyefanya kazi na marehemu kwenye gereji ya mabasi. Jana alipita kunijulia hali akiwa amelivaa. Harufu ilimtangulia mlangoni. Alipoona uso wangu akaanza kulivua alitundike nje.

"Keti nalo," nikamwambia.

Nikapika chai. Tulimzungumzia Abdow mpaka birika likaisha, na muda wote huo nilipumua vizuri.

Ahsante, mwanangu. Ulinitumia dawa bila kujua.

Nisalimie mumeo Liban, na ukiongea na mama yako Isiolo mwambie namwombea. Mungu akulindie mikono hiyo inayolisha viumbe wake. Nami unikumbuke kila unapowakatia majani.

Mkaza mjomba wako akupendaye,
Nafiso