Mke Wangu Amemwalika Leni Chakula cha Mchana

Mpendwa Bi Ottilie,

Nakuandikia leo Jumatano, nimetoroka kazini, nikiwa nimeketi ndani ya gari ambalo mke wangu, majirani zangu na kwaya nzima ya kanisa letu wanaamini nilishaligawa, na naomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa ushauri gazetini kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili mke wangu atapika nyama ya kuoka na tambi za mayai, ataandaa sahani tatu mezani, na mgeni anayengojewa kwenye hiyo sahani ya tatu ni hili gari.

Niite Volkmar. Naishi Stuttgart, mtaa wa mteremkoni, nina duka la miwani, na labda ndiyo sababu watu wamezoea kuniamini ninapowaambia wanachokiona. Gari lenyewe ni la dizeli, la kampuni ambayo siitaji kwa sababu hata wewe unaijua, na siku nilipolinunua muuzaji aliniapia kuwa hii ni dizeli ya kisasa, safi, haina madhara kwa mtu wala mti, nami nikaamini, nikalipenda, Bi Ottilie, maana ukiwa chini ya mlima ukikanyaga mafuta linakusukuma mgongoni kama mkono wa mama anayekuhimiza shuleni, na tangi ukilijaza unasahau njia ya kituo cha mafuta. Nikalipa jina, Leni, ambalo sikumwambia mtu, nalitaja tukiwa wawili tu.

Ubaya wangu ni kwamba nikipenda kitu sinyamazi. Kwenye sherehe ya mtaa, watu wakiwa na bia na soseji mkononi, nilitoa kitambaa changu cheupe cha mfukoni, nikakisokomeza ndani ya bomba la moshi, nikasugua, nikakitoa kikiwa cheupe vile vile, nikakipeperusha juu na kusema, "Tazameni! Hapa mtu anaweza kupengea mafua!" Basi jirani yangu Bwana Eisele akanunua kama langu, mwalimu wa kwaya akanunua, mchungaji akanunua, na mke wangu Walburga, ambaye kifua humbana majira ya baridi hewa inapotuama kwenye bonde la mji, na ambaye alitaka tununue gari dogo la petroli, nilimwambia anyamaze tu, haya mambo hayajui.

Halafu habari zikatoka. Kumbe ndani ya kompyuta ya gari wameweka ujanja, gari likijua liko mbele ya wapimaji linajizuia, linapumua kama malaika, likirudi barabarani linamwaga sumu yake kama kawaida, na sumu hiyo haina rangi, kitambaa changu kisingeiona hata ningesugua mpaka Krismasi. Kwenye mazoezi ya kwaya yaliyofuata Bwana Eisele alisimama mbele ya watu wote akanyoosha mkono, "Volkmar, leta kile kitambaa chako, nina mafua." Hakuna aliyecheka. Kisha mji ukayapiga marufuku magari yetu, na Eisele, ambaye mama yake yuko nyumba ya wazee katikati ya mji, akawa anampelekea keki kwa treni, na kila tukikutana ananiambia keki imefika ikiwa uji, na jina langu limetajwa pale mezani.

Nilishindwa kuvumilia. Kwenye mkutano wa wakazi nikainuka na kusema, "Jamani, mimi ndiye niliyewaponza. Gari langu silitaki tena. Nampa binamu yangu Alfons kule milima ya Alb, na kuanzia leo mimi ni mtu wa treni." Walipiga makofi mpaka mwenye ukumbi akaja kuchungulia. Eisele alinikumbatia. Papo hapo wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya hewa safi. Na Walburga, tukirudi nyumbani kwa miguu, alinishika mkono barabarani, jambo ambalo hajalifanya tangu watoto wetu wakiwa wadogo, akasema, "Leo nimekumbuka kwa nini nilikubali kuolewa na wewe."

Naapa nilikwenda kwa Alfons kwa nia ya kweli. Nilizima injini, nikamkabidhi ufunguo, kisha mkono wangu ukaurudisha mfukoni bila kuniuliza.

Alfons akanitazama. "Unanipa au hunipi?"

"Nakupa. Ila nitakuwa nakuja kulitazama."

"Kama baba aliyeachana na mama watoto," akasema. "Haya. Lakini litalala zizini, na kila ukija utazoa samadi. Hapa kwangu hata paka anafanya kazi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi namwambia Walburga naenda na chama cha watembea milimani, napanda treni, halafu basi, nazoa samadi, halafu naingia kwa Leni tunapanda mlima na kushuka, mimi na yeye na dirisha wazi, nikiimba sehemu yangu ya besi. Ndiyo saa pekee katika wiki ambayo mimi si mwenyekiti wa chochote.

Juzi tukinywa chai ya asubuhi Walburga aliweka kisu chini.

"Volkmar, milima gani hii inayomrudisha mtu akinuka samadi na moshi, ana majani makavu kichwani, halafu anaimba bafuni?"

Nikaupaka siagi mkate niliokwisha kuupaka.

"Sitapiga kelele. Anaitwa nani?"

Bi Ottilie, sijui ni shetani gani aliyenifungua kinywa. Nikasema, "Leni."

Alisogeza kikombe chake kando. "Anavuta sigara huyo Leni?"

"Anafuka sana. Ila mwanzoni aliapa kwamba hafuki."

"Na wewe ulimwamini."

"Kila mtu alimwamini."

"Kila mtu!" Akashika meza. "Kwani anajulikana?"

"Wako wengi kama yeye, Burga."

Hapo nilijua nimeharibu, lakini yeye alijipangusa mdomo kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, akasema, "Basi Jumapili umlete. Nitapika. Nataka nimwone kwa macho yangu, akae hapo mbele yangu, tuzungumze kama watu wazima."

"Hawezi kuja. Haruhusiwi kuingia mjini."

"Ana kesi na serikali?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Tangu hapo hasemi nami ila neno la lazima, na jana nimemkuta akipiga pasi kile kitambaa cha meza cha harusi yetu. Nifanye nini? Nikikiri ni gari, atajua kuwa ule mkono alioushika barabarani ulikuwa wa mwongo, na nadhani ni rahisi anisamehe mwanamke kuliko gari. Alfons ananishauri nimtafute mwanamke wa kuazima aje ale tu, halafu nitangaze tumeachana, na aibu iliyoje, nimeanza kuliona kuwa wazo zuri.

Aliyekwama kati ya wanawake wawili ambao mmoja ana magurudumu,
Volkmar

*

Bwana Volkmar,

Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, na siji kununua nyingine kwako. Sasa nimemaliza kucheka, kaa sawa.

Nianze na pole, maana unastahili moja. Ulidanganywa. Ulifanya kazi, ukanunua kitu kwa imani, na watu wenye elimu kubwa na suti nzuri wakakugeuza mpiga debe wao wa bure. Hilo linauma, na mtu haachi kupenda kitu siku ile ile anayoambiwa kilikuwa cha uongo. Wanawake wengi wanaoniandikia wangeweza kukueleza hilo. Kwa hiyo kumkumbuka Leni si dhambi, usilie kwa ajili hiyo.

Pole yako imeishia hapo.

Tazama ulichojifunza kutoka kwa hilo gari! Mbele ya wapimaji, pale ukumbini, watu wakitazama, ulitoa hewa safi kabisa. Ulipofika barabarani, peke yako, ukafuka kama kawaida. Kampuni ilihitaji mafundi wengi na kompyuta kufanya hivyo. Wewe umefanya kwa kichwa chako tu, ukapewa na uenyekiti. Njia ya mwongo ni fupi, Bwana Volkmar, hata akibadilisha treni na basi. Na unajidanganya pia kuhusu milima. Alfons hapumui? Ng'ombe wake hawana mapafu? Sumu haigeuki maua kwa sababu imevuka mpaka wa manispaa.

Lakini si hilo lililonikera zaidi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa na kalamu nyekundu. Leni yumo kila mahali: anavyosukuma, anavyopanda, dirisha lake. Kifua cha mke wako umekitaja mara moja, katikati ya sentensi, ukielekea mahali pengine. Mwanamke anabanwa na hewa ya bondeni, aliomba gari dogo, ukamwambia anyamaze hajui kitu. Alikuwa anajua. Je, umewahi kumwambia hivyo? Hukuandika, kwa hiyo nadhani hujamwambia.

Unaogopa ataona mkono alioushika ulikuwa wa mwongo. Sikiliza, mwanamume wee: saa hizi anapiga pasi kitambaa cha harusi yake ili ampe chakula mwanamke anayedhani amemwibia mume. Anajiandaa kukupoteza kwa heshima. Na wewe unakaa zizini unahesabu ni uongo upi utakaokufaa. Huyo mwanamke wa kuazima, mwambie Alfons amwoe yeye, labda atapata wa kumsaidia kuzoa.

Haya ndiyo utakayofanya. Gazeti hili linatoka Ijumaa. Usingoje Jumapili. Ukimaliza kusoma, funga duka, nenda nyumbani, umwambie Walburga kwa sentensi fupi, maana za kwako zina mikia mirefu: Leni ni gari, sikuligawa, nilikudanganya, na kuhusu lile gari la petroli ulikuwa sahihi. Usianze na kampuni. Usianze na utoto wako. Usilete maua, mtu mwenye kifua haletewi chavua. Kisha mpe ufunguo, mkononi mwake, na gari lifanywe atakavyo yeye, liwe la kutengenezwa, kurudishwa au kupondwa. Wewe katika hilo huna kura.

Kisha ujiuzulu uenyekiti kwa kinywa kile kile kilichoupokea, mbele ya watu wale wale. Bwana Eisele atakusema. Mwache akuseme mpaka achoke, halafu mwambie utambebea keki ya mama yake, kwa mikono miwili, ndani ya treni, bila kuitikisa.

Na nyama ya Jumapili uikate wewe.

Ottilie

*

Kwa Bi Ottilie,

Mimi ni Walburga. Wengi wameuliza iliishaje, na wengine wananisimamisha sokoni, kwa hiyo naona heri niseme mwenyewe.

Alikuja Ijumaa mchana akiwa na gazeti lako kwapani, amesimama mlangoni na viatu vyake, akasema zile sentensi zako moja moja kama mtoto anayetoa shairi. Sikucheka. Watu wanadhani nilicheka. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia, kwanza kwa sababu hakukuwa na mwanamke, halafu kwa sababu ya hasira kwamba hakukuwa na mwanamke, maana nilikuwa nimeshajipangia maneno mazuri sana ya kumwambia. Aliposema "ulikuwa sahihi," nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aseme kwa sauti, dirisha la Bwana Eisele liko wazi.

Amelala chumba cha wageni, na huko bado yuko, ingawa chai tunakunywa pamoja.

Jumamosi tulikwenda kwa Alfons, na Leni nikamwona. Gari jeusi, lina kinyesi cha kuku juu. Kampuni ina yadi mji wa pili ambako wanayapokea magari haya yakirudishwa, nami nikaamua lirudi siku ile ile. Volkmar alifungua mlango wa abiria. Nikamwambia, "Wewe unakwenda wapi? Samadi hiyo." Nikamwacha na ng'ombe, nikashika usukani mwenyewe.

Kuna mlima pale baada ya kijiji. Nilikanyaga mafuta kidogo tu, Bi Ottilie, nikahisi ule mkono mgongoni aliokuandikia. Nilikasirika. Nilikuwa nimekuja kulichukia gari hilo, nalo likapanda kama halina uzito, bonde lote likafunguka chini yangu, na nikajikuta nimeshusha kioo.

Njia ya kwenda yadi inakata kulia baada ya kanisa. Mimi nilikwenda kushoto, nikazunguka milima yote, ndipo nikalirudisha. Hilo Volkmar hajui. Atalisoma hapa.

Walburga