Dada Aliyeletwa na Afisa Ustawi

3 Machi

Shangazi, shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, wateja hawajanikimbia.

Nina swali, usikasirike. Jana afisa ustawi aliingia saluni. Nikadhani anataka kunyolewa, kumbe ananitafuta. Anasema marehemu baba aliacha binti kwa mke mwingine. Sasa mama mtu naye kafariki, mtoto yuko kituo cha yatima, ana miaka mitano. Nikimchukua, serikali itanipa posho ya malezi kila mwezi, ilimradi mkubwa wa ukoo athibitishe kuwa ni wetu. Mkubwa umebaki wewe tu. Ulikuwa unajua?

Mwanao, Kinyozi

12 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo ulikuwa haujambo mpaka barua yako iliponikalisha chini.

Sikujua. Baba yako alipowatoroka wewe na mama yako nilimfuta moyoni, hata mazikoni sikwenda. Leo nikamsainie? Hiyo posho ni chambo. Siku ikikatika, mzigo ni wako, na wewe hata chai hujui kuchemsha. Achana nao.

Halafu, anafanana na nani?

Shangazi yako

5 Aprili

Shikamoo shangazi. Natumaini umeamka salama, maana nina jambo la kukuudhi: nilikwenda kumwona, nikarudi naye.

Posho bado, wanamsubiri mkubwa. Kwa sasa natoa mfukoni. Anafanana na nani sijui, sina picha hata moja ya baba. Ila kuuliza! Nywele zikishanyolewa zinakwenda wapi? Wenye upara zao walizipeleka wapi? Mteja mmoja alicheka mpaka mashine ikamchora mstari kichwani. Jana kaniuliza, "Kaka, kwetu tuko wangapi?" Nikasema wawili. "Ni hao tu?" Nikajifanya nafagia.

Andika, hata kama ni kunigombeza.

Kinyozi wako

10 Mei

Shangazi, shikamoo. U mzima kweli? Kimya chako kimenikosesha usingizi.

Leo nimeitwa ofisini: posho imepita. Nikauliza, nani kathibitisha? Afisa akanishangaa. "Si shangazi yako? Alikuja wiki iliyopita." Umesafiri na mgongo huo, ukafika mpaka huku, ukarudi bila kunibishia hodi? Kwa nini?

Mwanao

18 Mei

Marahaba, mwanangu. Mzima, nashukuru.

Nilifika. Nilisimama ng'ambo ya barabara, penye duka la matairi. Ulikuwa unamnyoa mzee mmoja. Mtoto kapanda juu ya ndoo, anamshikia kioo aone kisogo chake. Ule ni uso wa kaka yangu, wa enzi tukilala mkeka mmoja. Nilikuja na hasira zangu nimezifunga vizuri, nikashindwa hata kuzifungua. Ningevuka, ningelia mbele ya wateja wako.

Akaniona. Akapaza sauti, "Bibi, umepotea?"

Nikamjibu, "Kidogo." Nikaenda zangu ofisini.

Jumamosi nakuja, na safari hii navuka. Usimwambie mimi ni nani. Nataka nisikie ataniuliza nini.

Shangazi yenu