Baba Bartholomayo Kumburu, Fundi wa Vizibo vya Mipira ya Gofu wa Ngumbo

Mwaka umetimia, Baba, tangu mchana ule wa Agosti ulipojinyoosha mkekani baada ya ugali na dagaa, ukasema unapumzika kidogo tu, na hukuamka tena.

Hapa Ngumbo walikujua kwa upole wako na kwa vizibo vyako. Miaka ishirini na sita ulikata nyasi za kiwanja cha gofu kwenye mashamba ya chai, na ulipostaafu ulirudi nyumbani na gunia la mipira iliyookotwa vichakani. Majirani walicheka. Wewe uliubana mpira kwenye jiliwa, ukautoboa kwa keekee hadi katikati, ukatia gundi, ukachomeka kijiti cha mninga ulichokivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Chupa ya asali ikapata kofia nyeupe yenye vishimo. Bi Somoe, mwenye duka Mbamba Bay, alisema asali yake imeacha kuvuja tangu akujue.

Kazini ulizungumza na mipira kama na watu. Uliokuwa ukiteleza uliuambia, “Tulia, bwana.”

Leo tunasimulia habari ya binti yako Hildegardi, kwa kuwa mwenyewe ameruhusu.

Kulikuwa na mipira ya zamani sana uliyoitenga kwenye kopo jekundu. Ulitueleza sote kwamba ndani yake kuna kifuko cha majimaji kilichobanwa na nyuzi za mpira, na kwamba keekee ikikigusa kinaruka. Mama alitaka uitupe ziwani. Ulisema utaizika mwenyewe mvua zikipungua.

Asubuhi moja ya Machi, miezi mitano kabla hujatuacha, Hildegardi alikuwa akikusaidia kumaliza vizibo vya Bi Somoe. Kimoja kilipungua, na gunia lilikuwa mbali, chini ya magodoro. Wewe uliingia ndani kutafuta gundi. Akachukua mpira kwenye kopo, akaubana, akaanza kuzungusha keekee. Alijua. Alijiambia mmoja hautadhuru.

Ulitoka, ukainama kuangalia kama keekee imesimama wima. Ukauliza, “Huu umeutoa wapi?”

Kitu kililia kama tairi linalopasuka, ukashika uso kwa mikono miwili, na kitu cheupe kama maziwa mazito kikachuruzika kati ya vidole vyako. Hildegardi alisubiri upige kelele. Hukupiga. Ulisema polepole sana, “Hildegardi, sikuoni.”

Anasema mpaka leo hajasikia neno la kutisha kuliko hilo. Alikumwagia maji ndoo nzima, nusu yakaishia kifuani pako. Nazari, jirani yetu, alileta pikipiki, mkapanda watatu. Mbamba Bay mkapata gari la kupanda Mbinga. Barabara ilikuwa tope, gari likiteleza kwenye kona, na chini kuna korongo. Wengine ndani ya gari walikuwa wakisali kwa sababu ya korongo. Hildegardi hakuliona. Alikuwa akitazama kitambaa ulichojifunga machoni, akihesabu pumzi zako, akiamini kwamba yale majimaji ni sumu inayoshuka taratibu kwenda moyoni na kwamba atashusha maiti Mbinga.

Hospitalini muuguzi aliuliza nani alikuwa anatoboa. Hildegardi alifungua mdomo. Wewe ukawahi: “Nilikuwa natoboa mwenyewe, mwanangu. Uzee huu.”

Walikufunga macho yote mawili siku nne. Alikulisha uji kwa kijiko. Ukinyamaza kidogo anakugusa mkono kuona kama u hai. Ukizungumza anaogopa utasema jambo lile mbele ya watu. Hakulala wala hakula. Kila daktari alipopita mlangoni alisimama, kama mshtakiwa.

Siku ya tano bandeji ilifunguliwa. Jicho la kulia lilikuwa limebaki na ukungu, na likabaki hivyo hadi mwisho. La kushoto ulilifumba na kulifumbua mara nyingi, ukazunguka chumba nalo, kisha likatua kwa binti yako. Ukasema, “Umekonda.” Alitoka nje akaketi chini, ukutani, hadi jua lilipohama.

Mlirudi, ukaizika ile mipira mibaya nyuma ya nyumba. Wiki mbili alikataa kushika keekee. Hukumkemea. Ulimnunulia miwani ya kazi, ukamwekea gunia la kufunika mpira, ukamwambia asimame pembeni, asiiname juu ya kazi kamwe. Akarudi kazini.

Ulipofariki Agosti, daktari alisema ni shinikizo la damu, ugonjwa wako wa miaka mingi. Hildegardi alisikia maneno lakini hayakuingia. Kwenye mazishi watu walimpa pole naye akawa anaogopa mikono yao. Aliamini amekuua, na kwamba siku moja Mama atajua.

Baada ya kuanua matanga alishindwa kuendelea. Alimfuata Mama jikoni, akapiga magoti, akamweleza kila kitu, kopo na mpira na uongo wako kwa muuguzi.

Mama aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, “Baba yako aliniambia siku ileile mliporudi. Akanikataza kukuuliza. Alisema unajiadhibu vya kutosha.”

Hildegardi alilala chini palepale, kichwa magotini pa Mama, na ungo ukawekwa kando.

Ndiye fundi sasa, Baba. Hatukudanganyi kwamba hofu imemwisha. Keekee inapokaribia katikati bado hubana pumzi, uso ameugeuza kando, na sisi tulio ndani tunanyamaza mpaka tusikie gundi ikifunguliwa. Wiki iliyopita alimaliza vizibo thelathini.

Unakumbukwa na mke wako Otilia, watoto wako Hildegardi na Aidan, dada yako Herieth, wajukuu, majirani wa Ngumbo, na Nazari aliyekubeba. Ibada ya kukuombea itakuwa nyumbani Jumamosi hii saa nne asubuhi.

Pumzika, Baba. Maadamu tunapumua, hutasahaulika katika nyumba hii.