Robo ya Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba tambara la Mama leo limetimiza mwaka wa tatu kazini. Hakuna hotuba. Zamani lilikuwa leso. Sasa lina rangi ya chai ya jana, na ndilo linalopangusa viwele vya ng'ombe wetu wote watatu kila asubuhi, kuanzia cha Nyota, bila ubaguzi wowote.

Mama ni mama mkwe wangu. Yeye hukamua asubuhi, mimi jioni. Ni hivyo tangu niolewe. Miaka kumi na minane hatujagombana, kwa sababu mimi hunyamaza na kuandika.

Jioni nimekamulia Nyota matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Mabonge. Robo ya nyuma kushoto ya kiwele. Ana wiki tatu tu tangu azae, na upande huo una moto kama sufuria. Nilijua tu. Lile tambara.

Jumanne, 4 Machi

Mtu anayenunua maziwa amepima yetu kwa spiriti yake, yakaganda. Amenirudishia mtungi barabarani, watu wakiangalia. "Mathe, hii ni maziwa mala," akasema. Wakacheka. Nikacheka pia. Nilipofika nyumbani niliupiga ule mtungi teke. Ni wa alumini. Kidole kimevimba.

Mama anasema ni jicho. Kwamba jirani yetu Mama Kevo alipita hapa baada ya kanisa, akasifu kiwele cha Nyota na hakutema mate. Huku kwetu ukisifu mnyama wa mtu, unatema kidogo, ndipo ujulikane huna nia mbaya. Mama Kevo ana meno ya bandia. Labda aliogopa yangeenda pia.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa mifugo amekuja. Ametia dawa ndani ya chuchu, ameacha nyingine za siku mbili, na kijitabu. Maziwa ya Nyota ni ya kumwaga mpaka dawa iishe mwilini. Mama akauliza, hata ya chai? Daktari akasema hata ya paka.

Nikamuuliza daktari, kwa sauti ya kumfikia Mama, kama tambara moja kwa ng'ombe watatu ni sawa. Akasema ni kama mswaki mmoja kwa familia nzima. Nilifurahi kupita kiasi. Mama alichukua jembe akaenda kwenye viazi.

Kijitabu nimesoma kurasa mbili za kwanza. Zingine ni mambo ninayoyajua.

Ijumaa, 7 Machi

Tambara limepotea. Nimesaidia kulitafuta kwa bidii. Liko ndani ya gunia la viazi ninalokalia nikiandika haya.

Nimeweka vitambaa vitatu vipya: chekundu cha Nyota, cheupe na cha kijani vya wenzake. Mama amevitazama kama mtu aliyewekewa uma na kisu mbele ya ugali.

Alhamisi, 13 Machi

Safi. Nimepima kwa sabuni ya vyombo: vifuniko vinne, maziwa ya kila robo, sabuni kidogo, unazungusha. Maziwa yenye ugonjwa huvutika kama kamasi. Yote manne yamebaki maji.

Nimeshinda, na sina wa kumwambia.

Naandika basi, ibaki mahali. Mimi hulisha kwanza. Namwekea Nyota majani ya nepia na pumba, anakula, anatulia, ndipo naketi. Ng'ombe aliyetulia ndiye huachilia maziwa. Ni homoni, na hudumu dakika chache tu, ukichelewa imekwisha. Nilisikia redioni. Nikimaliza kumkamua naye amemaliza kula, analala palepale ameshiba kama chifu. Mama hufanya kinyume: anakamua, halafu ndipo anampa chakula. Husema hakuna mtu hulipwa kabla ya kazi. Mambo ya kizamani.

Jumatatu, 17 Machi

Imerudi. Robo ile ile. Leo si mabonge tu, kuna damu pia. Nyota amerusha teke nilipomgusa, na hajawahi.

Nimefungua gunia. Tambara bado liko. Kwa hivyo Mama anapangusa na pindo la nguo, au na nini sijui. Nimechoka kunyamaza. Nimempigia mume wangu, Baba Brayo, huko kazini kwake Gilgil, nikamwambia wazi kwamba mama yake anamuua ng'ombe.

Jumanne, 18 Machi

Baba Brayo amepiga. "Jumamosi kuna broka anakuja kumchukua Nyota. Mkose cha kugombania."

Broka wa Salgaa. Kila mtu anajua yule hununulia bucha.

Nyota nilimlea kwa chupa. Mamake alikufa akimzaa, usiku wa mvua ya mawe, na mimi ndiye niliyemkausha kwa sweta yangu ya kanisani. Nilitaka mwanamume amwambie mamake neno moja. Neno moja. Amechagua kuchinja. Nina hasira naye, nina hasira na Mama, nina hasira na Mama Kevo na meno yake.

Jumatano, 19 Machi

Nimeamka kabla ya Mama nikajificha nyuma ya tangi la maji. Nilitaka ushahidi.

Amenawa mikono. Ametumia kitambaa chekundu. Amekamua mpaka tone la mwisho, robo mbovu akaikamua mwisho, kwenye kopo lake. Amechovya chuchu zote dawa. Halafu akamwekea nepia, na Nyota akasimama akila, akasimama, akasimama. Mimi nimelowa mpaka magoti. Hakuna kosa hata moja.

Nimekasirika zaidi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekamua jioni. Hata ndoo sijainua, Nyota akalala. Sakafu yetu imeinama upande wa ukuta, na tangu mvua ianze, mkojo, samadi na matope vyote hukusanyika pale. Robo ya nyuma kushoto ikaingia ndani yake, pwaa. Nimeliona jambo hilo kila jioni. Leo nimeliangalia.

Nikatafuta kijitabu. Ukurasa wa tatu unasema:

Ukimaliza kukamua, mlango wa chuchu haufungi mara moja. Hukaa wazi karibu nusu saa. Mpe ng'ombe chakula baada ya kukamua, ili asimame.

Kuna hata picha.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia Baba Brayo mara sita. Hapatikani. Jioni nimekamua kwanza, nikalisha baadaye. Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Aliona. Akaendelea kuchambua. Afadhali angesema.

Jumamosi, 22 Machi

Broka amefika na lori na kamba yake. Akasema mwenye mji ameshakubali, yeye haja yake ni kupakia tu. Nyota alikuwa ameshafungwa pembe. Mdomo wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, lakini niliusukuma.

"Mama, si tambara. Ni mimi. Nilikuwa namlisha kabla, analala kwa matope chuchu zikiwa wazi."

Mama akanitazama. "Nilikuwa nakuona, Mama Brayo. Kila jioni. Nilidhani ndivyo mlivyosoma."

Kisha akamshika broka mkono, akaitoa ile kamba kidole kwa kidole. "Boss, rudi Salgaa. Hapa hakuna ng'ombe wa kuuza. Kulikuwa na kelele tu."

Broka alisema mengi kuhusu mafuta ya lori. Mama akampigia mwanawe, na yeye akapatikana mara moja. Waliongea chini ya dakika moja. Ni Mama tu aliyeongea.

Ningependa anitukane. Amenipikia chai.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Dawa za pili alizoleta daktari wiki hii zimekwisha jana. Nimelirudisha tambara, nimelifua, nikalianika mahali atakapoliona. Sasa Mama analipangusia dirisha.

Jioni nimekamua kwanza. Nyota amesimama akila mpaka giza likaingia.

Mama Kevo alipita. Alitazama kiwele, akatema mate, akasifu. Mama akajibu amina.

Robo ya nyuma kushoto imekauka, haitoi tena. Zile tatu zinatoa.