Aliyelipokea Bakuli la Mgeni

Mpendwa Bibi Miriam, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mtama haujakatwa, kwa sababu ukishakatwa nitatakiwa kusema mbele ya watu jambo ambalo sijui kama ni kweli, na nikilisema mama mkwe wangu atatandika jamvi la msiba.

Mimi ni mke wa mtu na nina watoto, naishi katika kijiji kimoja cha milimani huku Kondoa, ila nilizaliwa upande wa Bahi kwenye majaruba ya mpunga, kwa hiyo mila za huku nimezikuta ukubwani. Kijiji chetu kina msitu mdogo chini ya mwamba, wenye chemchemi isiyokauka, nao unaitwa Kwa Mgeni. Humo hakuna anayekata kuni wala kuchunga. Kiangazi tunafagia njia yake na kuziba ua wa miiba, kabla ya mvua ya kwanza kijiji kizima hukusanyika humo ili mbegu ziombewe, mazao yakiiva tunarudi na malimbuko, na katikati ya mikusanyiko hiyo miwili kila nyumba kwa zamu yake hupeleka bakuli la chakula na kuliacha juu ya jiwe lililo karibu na maji. Imamu wetu haji, anasema hayo si mambo ya dini, lakini bakuli la nyumba yake halijawahi kukosa, na wazee humtania kwamba ndilo lenye nyama kuliko yote.

Siku ya mbegu huchaguliwa mwanamke mmoja wa kupakua, na huyo huyo ndiye atakayepakua siku ya malimbuko. Huwapakulia watu wote, kisha bakuli la mwisho, ambalo ni la Mgeni, mwenye msitu asiyeonekana, hulipitisha nyuma ya bega lake bila kugeuza shingo, na watu wote huwa wameinamisha vichwa. Likishatoka mkononi mwake husema, "Karibu," na hapo ndipo watu huanza kula. Nani kalipokea, haiulizwi. Mwaka huu nilichaguliwa mimi, nikaogopa, nikamuuliza mama mkwe itakuwaje bakuli likinibaki mkononi, akacheka, akasema, "Mwanangu, tangu niolewe hapa halijambakia mtu. Wewe pitisha tu, na hiyo shingo yako ya Bahi uikaze."

Bibi, sikuikaza. Ilikuwa mchana, jua liko utosini, na nilipochota bakuli la mwisho ndege wote walinyamaza, hata nzi waliokuwa juu ya chungu sikuwasikia tena. Nikapitisha mkono nyuma. Vidole vilivyogusa vyangu vilikuwa vya moto, na kidole kimoja, kile cha mwisho, kilikuwa kimepinda, na kidole hicho nakijua kwa sababu nilikikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi mwaka kilipobanwa na mlango wa basi. Nikageuka. Alikuwa Abubakari, mume wangu, ambaye ni karani katika ofisi moja mjini Dodoma na ambaye alikuwa ametuma salamu kwamba mwaka huu kazi ni nyingi, hatakuja. Alikuwa amekonda, ana ndevu, ana udongo kwenye paji la uso, na alinitazama kama mtu anayenitazama kutoka mbali. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaingia kati ya mikuyu na bakuli lake, na sikusikia jani wala kijiti. Nikasema, "Karibu," kwa sababu watu walikuwa wanangoja, na wakala.

Sijamwambia mtu. Huku wanaamini kwamba mtu akionekana akilipokea bakuli lile huyo si wa nyumbani tena, amekuwa wa msitu, na mkewe hukaa eda hata kama hakuna maiti, na aliyemwona sharti amtaje siku ya malimbuko, la sivyo mavuno hayaliwi. Mimi nikafanya hila. Nilimwomba Mustapha, utingo wa basi linalokwenda Dodoma, amtafute mume wangu. Aliporudi alizungukazunguka na maneno, mwisho akasema, "Shemeji, pale ofisini meza zimepungua. Nimeuliza, mlinzi kanicheka, ananiambia, unamtafuta yupi, wenzake wengi sasa wanauza mitumba. Kakaangu hayuko, na chumba alichopanga Nzuguni kina mtu mwingine." Nikamuuliza, "Hawajui alikokwenda?" Akasema, "Alisema anakwenda nyumbani." Bibi, alisema anakwenda nyumbani, na nyumbani hakufika, basi si ndiyo kusema alifia njiani?

Na kuna mambo mengine. Mabakuli tunayoyapeleka kwenye jiwe miaka yote tulikuwa tunayakuta yamechakuliwa na nyani au yamejaa siafu. Mwaka huu tunayakuta matupu, yamesuguliwa kwa mchanga, yamefunikwa juu ya jiwe kama vyombo vya shule ya bweni. Mama mkwe anafurahi, anawaambia wanawake kisimani, "Mwaka huu Mgeni ana adabu!" na wanacheka, na mtama kwa kweli umestawi. Mimi sicheki.

Nisichoweza kukibeba peke yangu ni hiki. Tangu siku ile ya mbegu, chakula cha mchana nyumbani kwetu hakitoshi. Simaanishi kwamba ni kidogo. Napika kama siku zote, nagawa kama walivyo watu, kila mtu anapokea, na mwisho mmoja anakosa, na hakuna aliyepewa mara mbili. Jirani yangu Asma alinicheka sana, "Joha, huko kwenu kwenye mpunga hamkufundishwa kupima unga?" Baada ya siku chache alikuja kwangu bila kubisha hodi, akakaa, akasema polepole, "Na kwangu pia." Sasa inahama, leo nyumba hii, kesho ile, kama zamu. Watoto wangu wakikaa kwenye mkeka wanasogea na kuacha nafasi, na hakuna aliyewaambia. Juzi nilimuuliza mdogo, "Mbona mnabanana hivyo?" Akanijibu, "Tumempisha." Nikauliza nani, akaendelea kula.

Mama mkwe ananihimiza niandae kanga mpya ya siku ya malimbuko. Naomba uniambie, Bibi Miriam, nimtaje mume wangu nimuue kwa mdomo wangu, au ninyamaze niwaharibie watu mavuno? Na mimi ni mke au ni mjane?

Joha, Kondoa

Bibi Miriam anajibu:

Marahaba, Joha. Pole, mwanangu, na sasa nisikilize, kwa maana huna muda wa kulia.

Wewe si mjane. Eda hukaliwa kwa kifo, na kifo huthibitishwa kwa maiti au kwa shahidi. Wewe ni shahidi wa kitu gani? Umegusa vidole vya moto. Umeona ndevu, na ndevu huota kwa aliye hai. Umeona mtu aliyekonda akilichukua bakuli la chakula na kuondoka nalo. Halafu akakuwekea kidole mdomoni. Mimi nimeishi miaka mingi na nimesikia habari nyingi za mizimu, lakini sijasikia mzimu unaomsihi mkewe asiuseme. Anayeomba afichiwe ni mtu mwenye haya.

Majibu yote umeyaandika mwenyewe katika barua yako, kisha ukayapita kama mtu anayeruka mfereji. Ofisini meza zimepungua. Hujui maana yake? Kila wiki napokea barua za wake na mama wa watu waliopunguzwa kazini. Wengine huondoka kila asubuhi wamevaa tai na kwenda kukaa stendi mpaka jioni, ili majirani wasijue. Mumeo alisema anakwenda nyumbani, na alikwenda. Nina hakika siku alipopata kazi mjini aliagwa katika msitu huo huo, mbegu na dua, watu wameinamisha vichwa. Hakuweza kupita mbele ya watu hao mikono mitupu. Akajificha mahali pekee kijijini ambapo kuna maji, hapakatwi kuni, hapachungwi mbuzi, chakula huletwa kwa zamu, na mila inamkataza kila mtu kutazama anayekula. Ni kosa ambalo mtu asiyezaliwa huko asingeweza kulifanya. Amekula chakula kisicho chake, akiamini kwamba kilikuwa hakina mwenyewe.

Nawe umekaa msimu mzima ukimwombolezea mtu anayesugua vyombo kwa mchanga! Nani katika nyumba yako alisoma shule ya bweni? Hukuthubutu kuuliza. Nakulaumu kwa hilo. Uliogopa mila za ukweni kiasi cha kusahau mwendo wa mumeo mwenyewe. Naye nitamlaumu akija kuniandikia, kwa maana kupunguzwa kazi si wizi, lakini kumwacha mke ahesabu kama ni mke au mjane ni ukatili, hata ukifanywa kwa haya.

Fanya hivi. Usimtaje siku ya malimbuko, wala usimwambie mama mkwe sasa. Mzee wa watu asifurahishwe kabla ya wakati. Ngoja zamu ya nyumba yako. Nenda mchana, peke yako. Chukua chakula, shati safi, wembe na sabuni. Ukifika kwenye jiwe, kaa umeligeuzia mgongo, kama desturi inavyotaka, useme kwa sauti ya kawaida, ile unayomwitia kula. Mwambie mtama umeiva na mikono haitoshi. Mwambie watoto wanamngoja. Usimuulize habari za ofisi. Ataeleza mwenyewe akishashiba. Akitoka, mshike ule mkono wenye kidole kilichopinda, uushike hasa, usiuachie mpaka mmefika uani. Mama mkwe akiona mwanawe ameingia kwa miguu yake atapiga vigelegele kwanza na kuuliza baadaye. Siku ya malimbuko Abubakari atakaa na wanaume wenzake, atapakuliwa bakuli lake mwenyewe, mbele ya watu, kwa jina lake. Aliyeketi miongoni mwa watu hatajwi kuwa wa msitu, na mavuno yenu yataliwa.

Hapo ningefunga barua hii. Lakini umeniuliza pia habari za chungu, nami sina desturi ya kuruka swali.

Nilitaka kukuandikia upime unga vizuri. Asma amekwisha kukuambia, na amejuta. Nilitaka kusema watoto wamekua na matumbo yamekua. Lakini umesema kila mtu anapokea na mmoja anakosa, na kwamba inahama nyumba kwa nyumba, kama zamu, na kwamba ilianza siku ile ile. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mumeo yuko kwenye jiwe. Hawezi kuwa kwenye mkeka wako. Sijui aliyepishwa na mwanao ni nani, na sitajifanya najua. Ninachokijua ni haki, na haki ni nyepesi: mtu mmoja amekuwa akila chakula cha mwingine tangu siku ya mbegu. Aliyenyang'anywa sahani yake huzunguka kwa majirani. Sisi sote tungefanya hivyo.

Basi siku ya zamu yako usiende na bakuli moja. Nenda na mabakuli mawili, yaliyojaa sawasawa. La kwanza mpe mumeo mkononi, umtazame usoni. Lile la pili lipitishe nyuma ya bega lako, na mumeo akiwa mbele yako, ainamishe kichwa. Likinyanyuliwa, sema, "Karibu." Na safari hii, Joha, ikaze shingo.